Sauti za wazee zilizobaki ndani ya diski iliyoanguka

Swali



Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Tabora mjini. Tangu 2017, kila likizo, nimekuwa nikiwafuata wazee na kuwarekodi wakisimulia waliyoyapokea kwa babu zao kuhusu njia ya misafara. Nimekwenda Kwihara, Itetemia, Ulyankulu, hadi Ujiji. Wapo walionisimulia habari za mtemi Mirambo, wapo walionisimulia mtemi Isike alivyojilipua ndani ya boma lake Wajerumani walipomzingira, na wapo walioniimbia nyimbo za wapagazi. Mwanzo nilirekodi kwa simu, baadaye nikanunua kinasa sauti kidogo cha memori kadi. Nikirudi nyumbani nilikuwa nahamishia kila kitu kwenye laptopu kisha nafuta kadi. Laptopu ilipojaa, nikahamishia yote kwenye diski ya nje ya tera moja. Laptopu ile nimempa mdogo wangu aliyeko Nzega.

Mwezi uliopita mtoto alijikwaa kwenye waya, diski ikaanguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi. Tangu hapo nikiichomeka inalia tik, tik, tik, kisha inanyamaza. Mara moja kompyuta ilileta ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa, nikakataa. Mpwa wangu ameijaribu kwenye kompyuta mbalimbali. Fundi mmoja jirani na soko anasema ataifungua aisafishe. Mwingine ameniambia niiweke kwenye friza usiku kucha. Mume wangu ananiambia niachane nayo, kwa sababu muhtasari wa kila mahojiano ninao kwenye daftari. Lakini wazee watatu kati ya wale wameshatangulia mbele za haki. Je, sauti zao zimepotea? Na hata nikipata wa kunisaidia, nitaimudu gharama kwa mshahara wangu?

Mwalimu, Isevya, Tabora

Jibu

Pole sana, mwalimu.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaichomoe diski hiyo kama imechomekwa. Izungushie sponji au kitambaa laini, itie kwenye kopo lenye mfuniko, iweke kabatini, na umwambie mpwa wako asiiguse tena. Nakushukuru kwa kukataa kuifomati. Hapo uliokoa kazi ya miaka. Sauti za wazee wako, kwa kadiri ya maelezo yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba bado zipo. Hatari kubwa kwao hivi sasa ni mtu mwema anayetaka kujaribu mara moja zaidi.

Ndani ya diski ya aina hiyo kuna visahani vya aluminiamu au kioo vilivyopakwa utando mwembamba wa sumaku, na sauti zako zimeandikwa kwenye utando huo. Visahani vya diski nyingi za nje huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea vichwa vidogo vya kusomea, bila kugusa, kwa mwanya ambao ni maelfu ya mara mdogo kuliko unene wa unywele. Diski ikianguka huku inazunguka, vichwa hupiga visahani. Vinaweza kupinda, kuvunjika, au kukwangua utando. Mlio wa tik-tik unaousikia ni mkono wa vichwa ukijaribu kusoma alama zake za kuanzia, ukishindwa, ukirudi nyumbani, ukijaribu tena. Kichwa kilichopinda kikilazimishwa kufanya hivyo huweza kupita juu ya kisahani kama jembe. Pale kilipokwangua, utando umegeuka vumbi, na hakuna mtaalamu wa nchi yoyote anayeweza kusoma vumbi. Ndiyo maana nimeanza kwa kukuhimiza uichomoe.

Ni kweli kwamba waya mbovu au tundu la USB lisilotoa umeme wa kutosha linaweza kuifanya diski nzima ilie vivyo hivyo. Diski isiyoanguka ningekuambia ubadilishe waya kwanza. Yako imeanguka ikiwa inazunguka, na mpwa wako ameshaichomeka kwenye mashine kadhaa bila mafanikio. Jaribio la tundu limekwisha kufanyika, na la waya halistahili hatari hiyo.

Huyo fundi anayetaka kuifungua simlaumu, maana mafundi wa sokoni wameokoa kompyuta nyingi za walimu kwa bei ya mlo wa mchana. Kubadilisha kasha, kusafisha tundu la chaji, kutoa virusi, hiyo ni kazi yao na wanaiweza. Lakini kwa mwanya mdogo kama ule, chembe moja ya vumbi ni jiwe njiani, na wewe unaijua Tabora kati ya Juni na Oktoba, meza unayoifuta asubuhi ikifika adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake. Diski hufunguliwa ndani ya chumba au kabati maalumu lenye hewa iliyochujwa, na kwa vifaa vya kuinua vichwa bila kugusa visahani. Fundi asiye na vitu hivyo akiifungua, hata kwa nia njema kabisa, anaweza kuwa ndiye mtu wa mwisho kuifungua kwa faida.

Habari ya friza ni ya siku nyingi na imeenea dunia nzima. Diski iliyogandishwa, ikitolewa kwenye joto la nyumbani, hutoa jasho ndani kwa ndani. Matone ya maji juu ya visahani yatakuongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Usiifuate.

Sasa nije kwa shemeji yangu, mumeo, maana hoja yake ina uzito na sitaki tuipite juu juu. Daftari la muhtasari unalo, kwa nini uhangaike na sauti? Nitamjibu kwa kisa ambacho mwalimu wa historia wa Tabora anakijua nusu yake, na nusu ya pili imetokea juzi tu.

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mashariki ya Kongo. Karatasi zilimwishia na wino ukamwishia. Akachukua kurasa za gazeti la zamani la London, The Standard, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatisha mistari, kwa wino aliojitengenezea kwa mmea wa huko huko. Tarehe 15 Julai mwaka huo alishuhudia wafanyabiashara ya watumwa wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, na mamia wakafa. Aliyaandika hayo kwenye kurasa zile za gazeti. Baadaye alinakili habari zake kwa usafi kwenye daftari kubwa, ambalo wataalamu leo huliita Shajara ya Unyanyembe. Februari 1872 yeye na mwandishi wa habari Stanley walifika Kwihara, hapo hapo unapokwenda kurekodi wazee. Mwezi wa Machi Stanley akaondoka kuelekea pwani akiwa na daftari lile limefungwa kwa lakiri.

Dunia ikasoma nakala safi. Kurasa za gazeti zilibaki, lakini wino wa mmea ulififia hadi ukawa hauonekani, maandishi ya gazeti yakaumeza. Kwa karibu miaka 140 hakuna aliyeweza kuzisoma. Kuanzia 2010 kikundi cha wataalamu kikiongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha kurasa hizo huko Scotland kwa mianga ya rangi mbalimbali, ikiwemo ile ambayo jicho haliioni, kisha wakazichambua picha kwa kompyuta mpaka wino uliofifia ukatengana na wino wa gazeti. Mwishoni mwa 2011 shajara ikatoka, ikisomeka.

Waliposoma wakakuta kwamba shajara ya mwanzo na nakala safi hazisemi jambo moja. Mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe, ambao aliuandika kwa ukali pale pale Nyangwe, kwenye nakala safi umepunguzwa au umeondolewa, na wataalamu wakalazimika kuuliza upya kilichotokea siku ile sokoni. Livingstone alikuwa ameandika muhtasari, mwalimu. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu akinakili maneno yake mwenyewe, na bado mambo yakabadilika njiani.

Daftari lako ni zuri na ulitunze. Hata hivyo, ndani ya daftari mzee wa Itetemia anasema kile ulichodhani usiku ule kwamba ni muhimu. Ndani ya sauti yumo yeye mwenyewe, na Kinyamwezi chake, na pale alipositasita kutaja jina, na wimbo wenye maneno ambayo hukuyaelewa ukaandika tu kwamba aliimba. Mwanafunzi wa kesho atauliza swali ambalo wewe hukuwa nalo. Mwambie shemeji hivyo, kwa upole.

Kisa hiki kinatupa pia namna ya kufanya kazi. Wale wataalamu hawakukwangua karatasi wala kuipaka dawa ili wino uamke. Walichukua picha kwanza, wakaiacha asili ipumzike, wakahangaika na picha. Kwenye kompyuta kanuni ni hiyo hiyo: mtaalamu wa kweli kwanza hutoa nakala kamili ya diski, kipande kwa kipande, kisha hutafuta mafaili ndani ya nakala. Anayetaka kutafuta mafaili moja kwa moja kwenye diski mgonjwa hajui kazi, au ana haraka kuliko wewe.

Ila kabla ya kutafuta mtaalamu, nataka turudi kwenye barua yako, kwa sababu umeandika mambo mawili bila kujua kwamba ni hazina. Umesema ulikuwa unafuta memori kadi baada ya kuhamisha, na umesema laptopu iko Nzega.

Anza na kadi, maana ipo mkononi mwako na haitakugharimu kitu. Kinasa sauti kinapofuta faili hakipangusi sauti. Kinaondoa jina la faili kwenye orodha na kuihesabu nafasi yake kuwa wazi. Sauti yenyewe hukaa pale pale mpaka rekodi nyingine iandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka kunakofanywa na vinasa vingi ni vivyo hivyo. Basi kuanzia leo usirekodi chochote kwenye kadi hiyo, hata mkutano wa wazazi. Kama ni kadi kubwa, ina kijifuli ubavuni, kisukume ifungwe. Kama ni ile ndogo ya simu, itoe uiweke ndani ya bahasha uandike tarehe.

Kuna kiasi gani ndani yake? Fanya hesabu. Sauti ya mp3 ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde inachukua kama megabaiti 58 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 ingehitaji zaidi ya saa 500 kujaa. Kama kinasa chako kinaandika kwa wav, saa moja yaweza kufika megabaiti 600 na zaidi, na kadi hiyo hiyo ingejaa kwa saa 50 hivi. Ukifuta yote kila safari, mara nyingi kinasa huanza tena kuandika mwanzoni mwa kadi, kwa hiyo safari ya mwisho hufunika zilizotangulia. Lakini safari fupi haiwezi kufunika safari ndefu yote. Kama likizo moja ulikaa Ulyankulu ukarekodi saa 20, na zilizofuata zilikuwa za saa tano tano, basi sehemu kubwa ya mwisho wa Ulyankulu inaweza kuwa imelala ndani ya kadi hiyo mpaka sasa. Chukua daftari lako, uandike kila safari ilikuwa na saa ngapi na kwa mfuatano upi, uone ni wazee gani wana uwezekano wa kuwemo.

Kuzitoa, omba kompyuta ya shule na kisomea kadi. Kwanza toa nakala kamili ya kadi nzima; Win32 Disk Imager ni programu ya bure inayofanya hivyo, nawe uwe makini ubonyeze kusoma, usibonyeze kuandika. Kisha tumia PhotoRec, nayo ni ya bure, uielekeze kwenye nakala ile. Jina lake lisikupotoshe, haitafuti picha peke yake. Inatambua mamia ya aina za mafaili, mp3 na wav zikiwemo, kwa kuangalia alama zilizo mwanzoni mwa faili. Ina toleo lenye madirisha ya kubonyeza, liitwalo QPhotoRec, ambalo halihitaji kuandika amri. Matokeo yahifadhi mahali pengine, kamwe si kwenye kadi. Ukimaliza utakuta mafaili yenye majina ya herufi na namba tu, bila jina la mzee wala tarehe, na mengine yamekatika katikati. Utalazimika kukaa na kusikiliza moja moja. Wape kazi hiyo wanafunzi wako wawili watatu unaowaamini, wakiwa na daftari lako pembeni. Watajifunza historia kuliko kwenye kipindi chochote.

Kuhusu laptopu ya Nzega, mpigie mdogo wako simu leo hii. Mwambie aizime na asiiwashe mpaka mjue ina diski ya aina gani. Kama ni ya zamani yenye diski inayozunguka, mafaili uliyoyahamisha yaliacha nakala yake nyuma kwa namna ile ile niliyokueleza kwenye kadi, na yapo mpaka yafunikwe na filamu na muziki wake. Akiwa ameitumia miaka mingi usiweke matumaini makubwa, lakini wav au mp3 ndefu mara nyingi huacha vipande. Asipakue programu ya kurejesha mafaili na kuiweka humo humo, kwa kuwa programu yenyewe inaweza kuangukia juu ya sauti ya mzee. Diski itolewe, isomwe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili. Kama laptopu ni ya SSD, hali ni nyingine: kompyuta za sasa huiarifu SSD mara faili linapofutwa, nayo husafisha nafasi hizo yenyewe. Hapo usipoteze nauli ya kwenda Nzega.

Simu uliyoanza nayo 2017 nayo itafute. Kilichofutwa kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu za siku hizi ni vigumu sana kurudi, lakini kama simu hiyo ilikuwa na memori kadi, itendee kama nilivyosema. Kisha fungua WhatsApp. Huenda uliwahi kumtumia mjukuu wa mzee kipande cha sauti ya babu yake, au ulimtumia mwalimu mwenzako akusaidie neno la Kinyamwezi. WhatsApp inaweza kuibana sauti, ubora ukapungua, lakini maneno yapo. Waulize hao watu kabla hawajabadilisha simu.

Ukishakusanya hayo utajua nini kimerudi na nini kimebaki ndani ya diski peke yake. Hapo ndipo swali lako la gharama linajibika, maana utakuwa unalipia sauti ambazo hazipo kwingine, na utajua ni za nani.

Diski inayolia kama yako inahitaji ofisi inayofanya kazi ya kurejesha data tu. Dar es Salaam na Nairobi zipo. Sikutajii mojawapo kwa kuwa sijaiona kazi yao juu ya diski kama yako, ila nakupa maswali ya kuwauliza kwa simu kabla hujasafiri. Waulize diski wataifungulia wapi, na kama wana kabati la hewa safi. Waulize kama wana vichwa vya diski ya modeli ile ile, kwa sababu vichwa vilivyoharibika hubadilishwa kwa vile vya diski nyingine inayofanana nayo kabisa. Andika namba zote zilizo kwenye lebo ya kasha uwasomee. Waulize kama uchunguzi wa kwanza unalipiwa, na kama wanadai malipo endapo hakuna kilichopatikana. Wengi wa maana hawadai. Waulize pia kama watakurejeshea diski yako ikiwa kamili wakishindwa. Anayekuahidi kwa simu kwamba data zote zitarudi, mshukuru ukate simu.

Gharama ya kubadilisha vichwa haifanani na ya fundi wa mtaani. Kampuni za Ulaya na Marekani hutoza mamia ya dola, na mara nyingine zaidi ya elfu. Kwa mshahara wa mwalimu huo ni mzigo, sitakudanganya. Lakini diski iliyotunzwa kabatini kwa utulivu inaweza kusubiri. Hakuna kinachooza ndani yake mwezi huu wala mwaka huu. Unaweza kuweka akiba, unaweza kuomba shule au halmashauri ikuchangie, unaweza kuzungumza na watu wa makumbusho ya Kwihara. Njia ya kati ya misafara iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na Kwihara na Ujiji zimo ndani yake. Kazi yako ina watu wa kuithamini nje ya nyumba yako.

Usikate tamaa kwa sababu ya hali ya diski kwa nje. Chombo cha anga cha Columbia kilipovunjika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003 na wanaanga saba wakafa, ndani ya mabaki iliokotwa diski ya megabaiti 400, imeungua, imeyeyuka pembeni, imeingia uchafu. Wahandisi walivitoa visahani, wakavisafisha, wakavihamishia kwenye diski nyingine, wakapata karibu asilimia 99 ya yaliyokuwemo, na matokeo ya jaribio lililokuwa humo yakachapishwa 2008. Kilichosaidia ni kwamba visahani havikupinda, na sehemu iliyoharibika haikuwa na maandishi. Hakuna aliyekuwa ameichomeka kwanza ili aone kama inawaka.

Siku ya kuipeleka, ibebe mwenyewe au mpe mtu wako wa damu. Ukiituma kama kifurushi itakaa chini ya magunia kwenye buti la basi, kwa zaidi ya kilomita 800. Ifunge kwenye sponji nene, uipakate. Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walipita Kwihara wakiwa na mwili wake na karatasi zake. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike huko huko. Walikataa, wakaendelea kwa miguu, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo na mwili na karatasi. Wewe utapanda basi au treni.

Jambo moja zaidi kabla diski haijatoka mikononi mwako. Ndani yake kuna sauti za watu, majina yao, habari za koo zao, pengine ugomvi wa mashamba ambao mzee alikusimulia kwa kukuamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ofisi yoyote inayopokea data za watu inawajibika chini yake. Omba karatasi yenye saini inayosema hawatanakili wala kusambaza, na kwamba nakala yao itafutwa baada ya wewe kupokea yako. Wasipotaka kusaini, rudi nayo nyumbani.

Sauti zikirudi, hata chache, usizirudishe kwenye diski moja. Nunua diski mbili za aina tofauti, moja ikae kwako, nyingine kwa mtu wa mtaa mwingine au mji mwingine, na seti ya tatu ipande kwenye hifadhi ya mtandaoni, hata kama utaipandisha polepole usiku bando likiwa rahisi. Zungumza na sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uone kama watapokea nakala. Na kila familia ya mzee uliyemrekodi ipelekee sauti yake kwenye flashi, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali na jina lako. Wao ndio wenye haki ya kwanza, na nakala inayokaa kwenye nyumba nyingi za Tabora na Ujiji haianguki yote kwa siku moja.

Kuhusu familia za wale watatu waliofariki, usisubiri diski ipone ndipo uwaendee. Nenda sasa, uwaeleze kilichotokea kama ulivyonieleza mimi, uwaulize kama kuna mtu aliyekuwepo siku ile na simu yake mkononi. Wajukuu hupenda kurekodi babu zao wakitembelewa na mwalimu. Ukimpata mmoja, mwombe faili lenyewe kwa waya au kwa Bluetooth, asikutumie kwa WhatsApp, na umsaidie kutunza la kwake kabla hujaondoka.

Niandikie tena ukishaifungua kadi ya kinasa.